Tupeane uzoefu: ulikwama wapi zaidi ulipokuwa unajifunza kroshia?

Kitanzi
Wapendwa, nawasalimu nyote. Binti yangu ameanza kujifunza kroshia, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoano, na jana aliniletea mnyororo wake wa kwanza, ule mfululizo wa vitanzi unaoanzisha kazi, ukiwa umekazwa mno, hata ncha ya sindano haikuweza kupenya kwenye kitanzi chochote. Vidole vyake vilikuwa na alama nyekundu kwa kuvuta uzi, naye alikwisha kuamini kwamba hana mikono ya kazi hii. Maelekezo mengi huonyesha kazi iliyokamilika na kuruka mahali ambapo mwanafunzi hukata tamaa. Naomba kila mmoja aeleze alipokwama zaidi, na kilichomtoa hapo.

Nyuzi Mbili
Mwambie binti afume mnyororo wa mwanzo kwa sindano kubwa kidogo kuliko ile ya kazi yenyewe. Kama kazi ni ya sindano ya milimita 5, mnyororo uwe wa milimita 5.5 au hata 6, kisha arudi kwenye ile ya 5 anapoanza mstari wa kwanza. Mkono hulegea wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, hivyo asikemewe.

Mama Pacha
Umenigusa mahali penye kidonda. Mnyororo haukunisumbua mimi. Kilichonitesa ni kingo. Nilianza skafu ya mishono mirefu, na kila nilipoitandaza kitandani niliona kingo zinaingia ndani, polepole mwanzoni, kisha waziwazi, mpaka kile kilichoanza kuwa mstatili kikawa kinaelekea kuwa pembetatu. Nilifumua, nikaanza upya, nikahesabu mishono kwa sauti, na bado upana ulipungua. Nilifikia hatua ya kuzivuta kingo kwa mikono ili zilingane, jambo ambalo halisaidii kitu, kwa kuwa mshono uliokosekana hauletwi kwa kuvutwa. Usiku mmoja niliiweka skafu chini nikalia, maana nilikuwa nimemwahidi mama yangu, naye alikuwa akiniuliza kila tulipozungumza.

Aliyenitoa hapo ni shangazi yangu, ambaye hakunifundisha mshono mpya hata mmoja. Alichukua kipande cha uzi wa rangi nyingine akakipitisha kwenye mshono wa kwanza wa mstari, akapitisha kingine kwenye mshono wa mwisho, kisha akaniambia nigeuze kazi na nifume mpaka nikutane na alama. Ndipo nilipoona. Katika mishono mirefu, ile minyororo mitatu tunayoinuka nayo mwanzoni mwa mstari huhesabiwa kuwa ndiyo mshono wa kwanza. Kwa hiyo mstari unaofuata lazima uishie juu yake, kwenye kitanzi cha tatu. Kitanzi hicho hujiinamia pembeni, hakifanani na vichwa vya mishono mingine, na jicho la mwanafunzi hukipita bila kukitambua. Ukikiacha, umepoteza mshono mmoja. Ukikiacha kila mstari, kazi inachongoka. Katika mishono mifupi, mnyororo mmoja wa kugeuzia kwa kawaida hauhesabiwi, na ndiyo maana mtu aliyezoea mifupi huvurugikiwa anapohamia mirefu.

Pini Tano
Kitanzi cha tatu, kabisa. Hapo ndipo skafu zetu nyingi zilipoishia.

Mkono wa Kushoto
Nami niongeze la kwetu sisi tunaotumia kushoto, kwa sababu waalimu wengi hutusahau. Nilikaa kando ya mwalimu wangu kama wenzangu wote, na kila alichofanya kilikuja kinyume mikononi mwangu, mpaka akaniambia kwamba nijilazimishe kutumia mkono wa kulia. Nilijilazimisha, na karibu niache. Mtu mwingine alinikalisha mbele yake, uso kwa uso, na papo hapo mikono yake ikawa kioo changu: sindano yake ya kulia ikasimama mkabala na sindano yangu ya kushoto, nami nikafuata. Kazi yetu husonga kutoka kushoto kwenda kulia, ya wenzetu husonga kutoka kulia kwenda kushoto, na kitambaa kinachopatikana ni imara vilevile. Tafadhali msimbadilishe mtoto mkono.

Fundi Mistari
Kwa heshima, Mama Pacha, unaposema “mshono mrefu” ungetaja pia unafuata majina ya nchi gani, kwa maana hapo ndipo wanaoanza wanapopotea. Mshono ambao Wamarekani huuita “mmoja” (single), Waingereza huuita “maradufu” (double). Na ule ambao Wamarekani huuita “maradufu”, Waingereza huuita “wa mara tatu” (treble). Mtu akichanganya, kofia ya mtoto inatoka na ukubwa wa kumtosha mtu mzima.

Mama Pacha
Ndugu yangu, nilitaja urefu kwa makusudi, sikutaja jina la kigeni. Mrefu ninaousema ni ule ambao unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Mfupi ni ule ambao huzungushi kitu kabla ya kuingiza. Hilo halibadiliki hata ukivuka bahari.

Fundi Mistari
Ni kweli, lakini mwanafunzi hasomi mikono yako, anasoma maelekezo yaliyoandikwa, na yameandikwa kwa vifupisho.

Bibi Sufu
Wanangu, msigombane, maana nyote mna haki. Mwanafunzi akikutana na kifupisho “sc” (single crochet) mahali popote kwenye maelekezo, ajue ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wenye jina hilo. Kilicho bora zaidi ni kujifunza kusoma michoro. Duara lililobanwa ni mnyororo, alama ya msalaba au ya kujumlisha ni mshono mfupi, na herufi T yenye kistari kimoja cha mshazari ni mshono mrefu, yaani uzi umezungushwa mara moja. Vikiwa vistari viwili, umezungushwa mara mbili. Mimi hufuata michoro ya Kijapani ingawa sisomi hata herufi moja ya lugha hiyo.

Sauti ya Sindano
Nimekuwa nikisoma kimya, ila sasa nimeshindwa kunyamaza. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa blanketi la miraba kwa ajili ya kifungua mimba wa dada yangu mkubwa. Nilifuma miraba mmoja mmoja, nikaiunganisha kwa sindano ya kushonea, na siku moja kabla ya kumpelekea nikaona pembe zake zinajikunja. Mtu niliyemwamini, ambaye alikuwa ameshona nguo maisha yake yote, aliniambia kwamba dawa ni pasi, naye akaishika yeye mwenyewe ili anisaidie. Uzi ulikuwa wa akriliki, ule wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Aliposukuma pasi juu ya mraba wa kwanza sikuona kitu cha kutisha, isipokuwa pembe zilinyooka vizuri, nikafurahi. Alipofika wa tatu nilinusa harufu ya plastiki. Tulipoliinua blanketi, ile miraba mitatu ilining'inia kama kitambaa kilicholowa: vijibonge vya mishono vilikuwa vimelala vyote, uzi ukang'aa, na nilipoubana kwa vidole haukurudi tena kama ulivyokuwa. Hakuna maji wala sabuni inayoweza kuurudisha. Akriliki ikishalegezwa na joto, imelegea moja kwa moja.

Nilikesha. Kwa kuwa miraba ilikuwa imeunganishwa kwa kushonwa, niliweza kufumua uzi wa kuunganishia kuzunguka ile mitatu tu, nikaitoa, nikafuma mingine. Asubuhi kulipokucha na nikatazama kwenye mwanga wa dirisha, niliona kwamba donge jipya la uzi, ingawa lilikuwa na jina lilelile la rangi, lilikuwa limeiva zaidi kidogo. Namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, inayoonyesha madonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja, haikuwa moja. Dada alilipokea kwa machozi ya furaha, na mtoto amelilalia mpaka limechakaa, lakini mimi miraba ile mitatu naiona hata nikiwa mlangoni.

Pini Tano
Nimeshika kifua nikisoma. Harufu ya plastiki!

Nyuzi Mbili
Pole sana, dada. Ndiyo maana huwaambia watu waachane na akriliki kabisa na wajifunzie kwenye pamba.

Bibi Sufu
Hapana, mwanangu, hapo sikubaliani nawe. Pamba hainyumbuki, na mkono wa anayeanza, ambao bado unakaza, huumia haraka kwenye pamba. Akriliki husamehe, hufuliwa kwa urahisi, na ukiifumua mara nyingi haichakai upesi. Kosa lilikuwa la pasi. Akitaka kunyoosha pembe, alitandaze blanketi juu ya taulo, alipigie pini kila ukingo, alinyunyizie maji na aliache likauke lenyewe.

Nyuzi Mbili
Wengine hupitisha mvuke kwa mbali bila pasi kugusa kitambaa, na uzi hulainika vizuri.

Sauti ya Sindano
Mimi mvuke siutaki hata kwa mbali.

Mkono wa Kushoto
Kila mmoja asome lebo: alama ya pasi iliyokatwa kwa X ina maana moja tu, usipige pasi. Na anayenunua uzi wa kazi kubwa anunue madonge yote kwa pamoja, akilinganisha namba za rangi.

Duara
Naomba turudi kwenye kukwama. Mimi nilikwama kwenye miduara. Nilitaka kitambaa cha meza kilicholala, nacho kikajaa mawimbi pembeni kana kwamba kina pindo la gauni. Mwanzo wa hesabu yake ni mwepesi mno kiasi kwamba naumia kwamba hakuna aliyeniambia: kwa mishono mifupi, anza na 6, mzunguko wa pili uwe na 12, wa tatu 18, yaani unaongeza 6 kila mzunguko. Kwa mishono mirefu, anza na 12 na uongeze 12. Ukizidisha, kingo zinajaa mawimbi. Ukipunguza, kazi inainuka kuwa bakuli. Mtu akilifahamu hilo amekwisha kufahamu kofia, kwa kuwa kofia ni mduara ulioachwa kuongezwa.

Fundi Mistari
Na mawimbi hayo si ya kudharauliwa. Mwaka 1997, mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani alifuma kwa kroshia akiongeza mishono kwa uwiano uleule kila mstari, na kwa njia hiyo akawapa wanafunzi wake umbo la jiometri ya haipaboliki, yaani ya uso unaojikunja mawimbi kila upande, wanaloweza kulishika mkononi, baada ya mifano ya karatasi kuwa dhaifu na yenye kuchanika.

Duara
Nashukuru sana kwa hilo. Kitambaa changu nilikuwa nimekitupa kabatini, na sasa nitakitoa nikiangalie kwa jicho jingine.

Mgeni Kwenye Uzi
Samahani wakubwa zangu, mimi ndiyo kwanza naanza. Ninunue uzi gani, na sindano namba ngapi?

Nyuzi Mbili
Pamba nene kidogo, sindano ya milimita 4.

Bibi Sufu
Akriliki ya unene wa kati, sindano ya 5, na mtu yeyote asikusemeshe unapohesabu. Anayekuita asubiri ufike mwisho wa mstari.

Mama Pacha
Uzi wowote utakaochagua, uwe laini usio na manyoya na wa rangi nyepesi. Kwenye uzi mweusi huoni mshono ulipoingia, na kwenye uzi wenye manyoya hata ukiona huwezi kufumua. Ukimaliza kazi, usikate uzi karibu na fundo. Acha urefu wa kama sentimita 15, uutie kwenye sindano ya kushonea, uupitishe ndani ya mishono kuelekea upande mmoja, kisha urudi nao upande wa pili, ndipo ukate.