Tupeane uzoefu: wewe au mwanao mlivaa nini cha dini skuli, na walimu walisemaje?

Mwalimu wa Mjini

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Unguja na ni mama wa watoto wanaosoma. Kamati ya skuli yetu inapitia upya kanuni za mavazi, na kikao kilichopita kilikwama kwenye rozari. Kuna msichana wa kidato cha kwanza anaivaa shingoni, ndani ya shati. Mjumbe mmoja akasema ivuliwe, sare haina mapambo. Mwengine akauliza, na ushungi je, huo si wa dini? Wa tatu akajibu kuwa ushungi ni sare. Tukaondoka bila ya uamuzi.

Kabla hatujakaa tena nataka kusikia kwa waliopitia. Naomba yaliyokupata wewe mwenyewe au mwanao, si ya kuhadithiwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asije akasema nimeuficha. Mtoto aachiwe avae alama ya dini yake, iwe dini yoyote, maadamu haimdhuru yeye wala mwenzake na haizuii kusoma. Nayasema haya nikiwa Muislamu katika visiwa ambavyo karibu watu wote ni Waislamu. Wengi wetu jambo hili hatulioni kwa sababu sare imeshonwa kwa kipimo chetu: sketi ndefu, ushungi mweupe, na kuna skuli ambazo Ijumaa wavulana huvaa kanzu na kofia. Binti yangu hajapata kuulizwa hata siku moja shingoni ana nini. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na mwanafunzi ni mtu.

Haya, karibuni.

Binti wa Kisauni

Mimi Mkatoliki, nimezaliwa Unguja, baba alikuwa askari. Skuli ya Serikali tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na ushungi nimeuvaa muda wote kama wenzangu. Nikwambieni kweli, haukunisumbua. Mama yangu alikuwa hajui kuufunga, kwa hiyo kila asubuhi nikienda kwa mama wa jirani. Ananisimamisha mlangoni penye mwanga, pini kaibana kwa meno, anakunja upande wa kushoto kwanza, anavuta wa kulia juu yake, halafu anabana chini ya kidevu, na kidole chake kiko ndani ili pini isinichome. Yule mama mpaka leo nikienda Unguja silali bila kupita kwake.

Kipindi cha Dini nilikuwa nabaki darasani, sikuwa na pa kwenda. Sura fupi kadhaa nazijua kwa kusikia tu.

Kilichoniumiza ni Jumatano ya Majivu. Misa ya alfajiri pale Minara Miwili, kanisa letu la Mjini, padri anakupaka majivu kwenye paji la uso, ukitoka hapo ni daladala moja kwa moja skuli. Ukiuvuta ushungi mbele kidogo hayaonekani, na miaka mingi nilikuwa nauvuta. Nilipofika kidato cha tatu nikasema leo siuvuti. Mwalimu wa zamu akaniona mstarini, akanambia mbele ya watu, "Nenda kanawe uso, uje msafi." Nikaenda bombani nikanawa. Nikarudi nalia.

Aliyenitetea ni mwalimu wa Dini, maalim mtu mzima. Aliniuliza nina nini, nikamweleza, akenda kuzungumza na mwenzake pembeni ya ofisi. Sijui walisemezana nini, ila mwaka uliofuata nilikwenda na majivu yangu na hakuna aliyenigusa.

Mdogo wangu yeye ushungi alikuwa hautaki kabisa. Akiuvua kila akivuka geti, na bakora alikula. Kwa hiyo sitaki mtu achukue maneno yangu akasema "mwaona, Wakristo hawajali". Mimi sikujali, yeye alijali, na tumelala tumbo moja.

Mpemba wa Wete

Nyinyi mnazungumza rozari, mimi naleta hirizi.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nashikwa na degedege. Bibi yangu akanipeleka kwa mwalimu wa chuoni, nikaandikiwa, nikashonewa hirizi ya ngozi nyeusi, ndogo, imepigwa uzi kingo zote nne, nikafungwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Nikaambiwa nisiivue hata nikioga. Darasa la tatu akaja mwalimu kijana, anatufundisha Hesabu. Siku hiyo nilikunja mikono ya shati, akaiona. Akasema hii ni shirki, akachukua wembe wa kuchongea penseli, akaikata mbele ya darasa zima na kuitupa kwenye ndoo ya taka.

Bibi alikuja skuli kesho yake. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha ofisini na buibui lake, akamwambia mwalimu mkuu kuwa hatoki mpaka yule kijana aitwe. Alipokuja akamwambia: "Dini ya mjukuu wangu ina wazee wake. Ungekuja nyumbani tungekukaribisha, na pengine ungetushinda kwa hoja. Wewe umemkata mtoto." Basi, akanishika mkono tukaondoka.

Leo mimi mtu mzima. Sivai hirizi na mwanangu sikumvisha. Masheikh wanavyokhitalifiana juu ya hirizi tunavijua, na mimi nimeshachagua upande. Lakini yule mwalimu naona alikosa, na alikosa sana. Watoto waliniita "mchawi" mpaka nikahamishwa darasa. Mkiandika kanuni zenu, andikeni kuwa hakuna mwalimu anayemvua mtoto kitu cha dini kwa mkono wake. Amwite mzazi.

Fundi wa Maabara

Mimi nafundisha Kemia. Rozari, uzi, hirizi, vyote kwangu sawa. Ila palipo moto, mkufu unaingizwa ndani ya shati na ncha za ushungi zinachomekwa ndani ya koti. Nimeshaona ncha ya ushungi ikishika moto wa taa ya spiriti, tuliuwahi, alhamdulillah. Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoitaka.

Kijana wa Hurumzi

Watu wengi wakimuona mtu wa asili ya Kihindi hapa Mjini wanajua ni Bohora au Ithnaashari, yaani Muislamu wa Kishia. Sisi Wahindu tumebaki familia chache, na hekalu letu liko Hurumzi. Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Agosti, dada yangu ananifunga uzi mkononi, unaitwa rakhi. Dada anamwombea kaka yake, na kaka anaahidi kumlinda. Hauvuliwi siku hiyo hiyo. Unaachwa, na wengine huuacha mpaka ukatike wenyewe.

Nilikuwa kidato cha kwanza, kiranja akanikamata getini na mkasi. Akasema bangili ni za wanawake. Nikamwambia nipeleke kwa mwalimu. Mwalimu wa darasa aliutazama ule uzi, mwekundu, una shanga za rangi ya dhahabu katikati, akaniambia, "Hebu simama mbele utueleze." Nilitetemeka, lakini nikaeleza. Nilipofika kwenye kaka kuahidi kumlinda dada, darasa likanyamaza kusikiliza, na wasichana wa nyuma wakataka kujua kama kaka anatoa na zawadi. Anatoa! Basi tokea hapo nilikuwa naulizwa, "Mwaka huu dada amekufunga wa rangi gani?"

Nasema hivi: yule kiranja hakuwa mbaya. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu sisi.

Mama wa Chake

Mimi nimepitia upande wa pili. Nilitoka Pemba nikaenda bara kusoma sekondari ya bweni, skuli ya kanisa, kwa sababu mjomba wangu alikuwa anafanya kazi mji ule. Kanuni ilikuwa kichwa wazi. Mimi sijapata kutoka nje ya uwanja wa nyumba kichwa wazi tangu nipate akili. Wiki za mwanzo nilikuwa sinyanyui mkono darasani hata jibu nikilijua, kwa kuwa nikinyanyua mkono watu watageuka kunitazama. Wenzangu walidhani sijui kitu. Matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa mabaya, mjomba akadhani nimeingia utoro.

Alikuwepo sista mmoja, mtawa. Yeye mwenyewe kutwa kichwa chake kimefunikwa. Akaniita chumbani kwake akaniuliza, nikasema. Darasani hakuweza kubadilisha kitu, lakini dahalia akaniruhusu kujifunika, na Ijumaa nikipata ruhusa ya kwenda msikitini. Nikatulia, nikasoma, nikamaliza.

Wenzetu Kenya walifikishana mpaka Mahakama ya Juu kwa jambo hili hili, wasichana wa Kiislamu katika skuli ya kanisa kule Isiolo. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki ya hijabu 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, kwa hoja ya namna madai yalivyoingizwa kwenye kesi, lakini ikaishauri skuli ikae na wazazi na walimu iangalie upya kanuni zake. Miaka yote hiyo mahakamani ili mwisho waambiwe wakae wazungumze!

Mimi siwezi kumwambia mtoto wa mwenzangu avue rozari. Najua kinachotokea kichwani mwa mtoto aliyevuliwa.

Mzazi wa Jang'ombe

Naheshimu machozi ya kila mtu, lakini sare ni sare. Leo rozari ya mbao, kesho mtoto wa tajiri anakuja na msalaba wa dhahabu, keshokutwa umeibiwa na skuli inalipa. Heleni, bangili, vyote vitapita kwa jina la dini. Ufaransa walikata mzizi: 2004 wakapiga marufuku kwa wote, hakuna aliyependelewa.

Mwalimu wa Mjini

Mzazi wa Jang'ombe, hilo la dhahabu nalichukua kama lilivyo. Dhahabu na fedha zibaki nyumbani, za msalaba na za "Allah" pia, maana mikufu yenye jina la Mwenyezi Mungu ipo tele na hatujapata kuihesabu kuwa ni tatizo.

Ama Ufaransa, sheria yao ya Machi 2004 inakataza alama zinazoonekana waziwazi: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Vidogo vya kificho havikukatazwa. Yaani rozari iliyo ndani ya shati, ambayo kamati yetu inataka kuivua, hata Ufaransa ingepita. Ushungi wa binti yako ungevuliwa getini. Na 2023 wakaongeza abaya. Sidhani hiyo ndiyo skuli unayomtakia.

Mimi najifunza zaidi kwa Afrika Kusini. Msichana wa Kihindu mwenye asili ya Kitamil alitoga pua akavaa kipini, skuli yake Durban ikakataa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikasema kumnyima ruhusa ni ubaguzi, na skuli ikaagizwa irekebishe kanuni zake. Skuli iliogopa kuwa wote watakuja na vipini. Hoja hiyo mahakama haikuikubali: kumruhusu mmoja kwa imani na mila zake si kufungulia mapambo ya kila mtu.

Msimamizi wa Mtihani

La nikabu, ile inayofunika uso, sijaona mtu kuligusa. Kwetu siku ya mtihani msichana anayeivaa hutazamwa na mwalimu wa kike, chumba cha pembeni, kabla ya kuingia. Anafunua, anaoanishwa na picha, anafunika, anaingia. Haichukui muda. Tatizo linakuja siku ambayo mwalimu wa kike hayupo, kwa hiyo zamu ipangwe mapema.

Mwalimu wa Mjini

Nimeliandika hilo. Kikao ni Jumamosi, na nitakayoyapeleka ni haya, mengi ni yenu. Alama ya dini iruhusiwe, ndogo, si ya dhahabu wala fedha, ndani ya nguo kwenye maabara na michezoni. Hakuna mwalimu wala kiranja anayemvua mtoto, mzazi anaitwa. Viranja waelezwe mwanzo wa mwaka nani anavaa nini, na mkasi usionekane getini. Na mzazi asiye Muislamu aulizwe siku ya kuandikisha kama mwanawe ataridhia ushungi au atavaa sare bila ya ushungi. Hili la mwisho najua litapigwa vita, na ndilo nitakalolisimamia zaidi.

Binti wa Kisauni, mdogo wako akikubali, nipe ruhusa niyasome maneno yako mbele ya kamati bila ya jina. Na wa Makunduchi, Mkokotoni, Mkoani na Micheweni bado sijawasikia.