KIATU CHEUPE, WAKUU. KIATU! (Ile ya polisi wa 1973, mnaijua)

Nyundo_Butu (mleta uzi)

Ni saa tisa usiku, nimetoka kuimaliza sasa hivi, mwili wote unatetemeka kwa hasira. Ni Life on Mars (Maisha Mirihi) ya Marekani, tamthilia ya polisi. Mnaijua. Ile waliyoichukua kwa Waingereza kule Manchester wakaihamishia New York, ikafika sehemu ya 17 ikazikwa.

Nimekaa na Sam Tyler tangu mwanzo. Askari kagongwa na gari 2008, kufumbua macho yuko 1973, suruali pana miguuni, hakuna simu ya mkononi, na bosi anayekunja watu mashati kabla hajawauliza jina. Harvey Keitel, aliyemwigiza huyo bosi, Hunt, simgusi, yule mzee akiingia ofisini moshi wa sigara unaupata mpaka sebuleni. Usiku mzima nilikuwa najiuliza: jamaa ni kichaa? Yuko mahututi hospitalini? Au karudi nyuma kweli?

Jibu lao: MWANAANGA.

Kumbe ni mwaka 2035, Sam kalazwa usingizi kwenye chombo kinachokwenda Mirihi, na 2008 na 1973 zote ni ndoto ya kompyuta iliyopata hitilafu. Wenzake wa kituo cha polisi cha 125 nao wamelala pembeni. Bosi Hunt ndiye baba yake mzazi!

Sasa subirini. Chombo kinatua. Mguu wa kwanza unashuka kwenye vumbi jekundu. Umevaa KIATU CHEUPE CHA HUNT. Cha 1973. Cha ngozi. Mirihi! Nimerudisha nyuma mara nne nikidhani macho yamechoka. Kiatu ni kile kile. Wamekula ng'ombe mzima, kwenye mkia wakatapika mezani.

Kobe_Mkavu

Mkuu, hiyo imeisha 2009 wewe unalia leo? Hata mwenye kiatu ameshakitupa.

MamaWawili

Pole mdogo wangu. Mimi niliona ya Waingereza kwanza, sehemu 16 tu na kila moja ina uzito wake. John Simm, Sam wao, anarudi kweli kwenye zama zake, yuko kikaoni, kidole kinavuja damu wala hasikii maumivu. Anainuka, anapanda juu ya jengo, anaruka arudi 1973. Nililia mpaka nikazima taa.

Nyundo_Butu

Ndicho ninachosema, dada! Yule aliruka. Huyu wangu kavalishwa nguo za anga, halafu baba yake anakanyaga Mirihi na kiatu cha kuendea dansi. Sijalala bado. Nikifumba macho nakiona.

Shahidi_Namba2

Tuwe wakweli. Waliambiwa mapema kwamba inafutwa, wakapata nafasi ya kufunga hadithi. Ngapi zinakatwa katikati hata muuaji hatumjui? Na jina lenyewe la tamthilia lilishataja hiyo sayari tangu siku ya kwanza. Ulitaka wakuandikie barua?

Nyundo_Butu

Jina ni la wimbo wa David Bowie! WIMBO! Unaimbwa kwenye gari kabla hajagongwa! Nani anasikia wimbo akaenda kununua roketi?

Kobe_Mkavu

Ile sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 1 Aprili. Angalia mwenyewe.

Nyundo_Butu

Siku ya wajinga?? Basi walikusudia. Kile kiatu walikipiga pasi kabisa wakijua watatukanyagia.

Pilipili_Kichaa

Acheni kiatu. Nani alimvalisha Maria Bello ile kofia kwenye Prime Suspect ya Marekani? Ile nafasi ya mpelelezi kwa Waingereza ilikuwa ya Helen Mirren, mama anaingia chumba cha mahojiano mtuhumiwa anajikojolea. Wamarekani 2011 wakaona kinachokosekana ni KOFIA. Sehemu 13, kwisha.

MamaWawili

Kofia ina nafuu. Mimi David Tennant! Kaigiza Broadchurch ya Waingereza, ile ya mtoto aliyekutwa kafa ufukweni, tukamwelewa. Mwaka uliofuata kaitwa Marekani kwenye Gracepoint aigize kesi ile ile, mpelelezi yule yule, ufuko mwingine, kabadilishiwa lafudhi tu! Sehemu 10 namwangalia anapeleleza jambo analolijua.

Shahidi_Namba2

Mark Strong naye alirudia Low Winter Sun yake, dada. Ya Waingereza kule Edinburgh ilikuwa sehemu mbili, kule Detroit wakaivuta mpaka 10.

Pilipili_Kichaa

Lakini Detroit ile ilipigwa picha vizuri, usiikandie.

MamaWawili

Picha nzuri hailiwi. Mauaji ya dakika kumi jikoni wakayala wiki kumi.

Nyundo_Butu

Wakuu, tulikuwa kwenye kiatu.

Shahidi_Namba2

@Pilipili_Kichaa ile ya Detroit uliimaliza au ulisimuliwa?

Pilipili_Kichaa

Niliimaliza, na Mark Strong nikamwelewa zaidi mara ya pili. Fungua uzi wake tukutane huko.