Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikuonyesha Kigoma au Tabora yako?

Mwana_Ujiji
Wakuu, mjukuu wa dada yangu ana kazi ya shule kuhusu Ziwa Tanganyika. Leo kaniuliza, "Babu, hivi Ujiji yetu imeandikwa kwenye kitabu chochote?" Nikamwambia imeandikwa tangu wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, walipofika hapa Februari 1858, na wengine wakafuata. Akasema, "Basi nipe kimoja." Nikaenda kufungua kabati, na hapo ndipo uzi huu ulipozaliwa.

Nimekulia karibu na ule mnara wa Livingstone. Tuliokota maembe pale, tukacheza, tukawaona wageni wanapiga picha na kuondoka. Kilichonifungua macho ni kitabu cha Hore, baharia wa misheni ya London aliyefika Ujiji mwaka 1878 na kuzunguka mwambao wa ziwa akiuchora ramani. Kitabu kilitoka 1892. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga chini, jalada limeng'oka. Nilisoma habari za mji wangu kama mtu anayesomewa barua ya ndugu aliyepotea. Yapo humo ya kuudhi, Mzungu wa enzi zile anapotuhukumu, lakini ziwa analolieleza ni hili hili.

Semeni na nyinyi. Kitabu gani cha huku kwetu, cha misitu, cha ziwa, cha wanyama au cha maisha ya mtu, kilikufikia? Kilikufikiaje?

Binti_Sikonge
Asante babu kwa uzi huu. Changu hakina hadithi ndani, ni kitabu cha mimea ya porini inayoliwa Tanzania, kimetoka 2002, waandishi ni Ruffo, Birnie na Tengnäs. Afisa mmoja wa misitu alikiacha mezani kwetu alipokuja kuongea na baba habari za mizinga. Nikafungua hivi hivi tu, nikakuta mchoro wa mbula, lile tunda la porini. Mbula! Ule ule tuliokuwa tunaokota tukitoka shule, unga wake unakwama kwenye meno. Na pembeni majina yamepangwa kwa lugha za makabila, la Kinyamwezi limo.

Sijui kama mnanielewa. Sisi wa Tabora tumezoea kuambiwa kwetu ni pori, treni inapita usiku watu wamelala. Kumbe kuna mtu alikaa chini akauliza wazee wetu huu unaitwaje, unaliwaje, mbegu yake inaoteshwaje. Nilimsomea bibi. Akawa ananisahihisha na kuniongezea, hiki hawakusema, huu unatibu tumbo pia, ule nyuki wanaupenda ukichanua. Nikachukua penseli nikaandika pembezoni. Bibi ametangulia mbele za haki sasa, lakini maneno yake yamo pembezoni mwa kile kitabu, na sikiazimishi kwa mtu yeyote.

Mwisho_wa_Reli
Hapo kwenye kutoazimisha nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Nyikani_Kasulu
Mimi ni Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe mtu. Kila mtu anajua Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, alishuka pale Julai 1960 akiwa na mama yake, na kitabu chake cha 1971 kikaenda dunia nzima. Nilikisoma chuoni, si nyumbani. Nimezaliwa mkoa mmoja na wale sokwe mtu, halafu habari za yule mwenye ndevu nyeupe anayechokoa mchwa kwa kijiti nazipata kwa mhadhiri wa Dar. Iliniuma.

Lakini kuna jambo watu hawalisemi. Mwezi Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka ng'ambo wakateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Baada ya hapo wageni hawakukaa tena kama zamani. Nani aliendelea kuwafuata sokwe mlimani kila siku? Vijana wa vijiji vya huku, na kumbukumbu zao waliziandika kwa Kiswahili. Yaani sehemu kubwa ya elimu ile kwanza iliandikwa kwa lugha yetu, kwa kalamu za watu wetu, ndipo ikatafsiriwa ikawa makala za wakubwa. Sasa hicho ndicho kitabu ninachokitaka. Mtu akusanye zile habari, kwa maneno yao, azichape.

Barubaru_Bangwe
Mkuu Nyikani umegonga penyewe. Na kule Mahale, kwenye sokwe wengine wa mwambao, ni vivyo hivyo, watafiti wa Kijapani wapo tangu 1965, bila Watongwe, wenyeji wa kule, wa kuwaonyesha njia wangefika wapi?

Mtemi_wa_Mtaa
Mimi wa Tabora, Kwihara. Kitabu changu ni maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Naona hakuna aliyekitaja na sielewi kwa nini. Baba yake aliishi huku kwetu na kumwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Hiyo ni habari ya nyumba zetu! Ukisoma unaona njia za misafara, nani alikuwa shemeji wa nani, pembe zinapita wapi. Kiswahili chake kinatembea bila kupepesa.

Mama_Kakonko
Kaka Mtemi, samahani. Kinatembea juu ya migongo ya nani? Mtu aliyechoma vijiji na kuuza watu wewe unamwita habari ya nyumba zetu?

Mtemi_wa_Mtaa
Dada yangu, sijamsifu. Nimesema kisomwe. Usipomsoma yeye utamsoma Stanley, yule msafiri Mzungu, peke yake. Na Stanley huyo huyo, kitabu chake cha 1872 kinamwita Mirambo, mtemi wa Urambo, jambazi, kwa sababu Agosti 1871 aliingia vitani upande wa Waarabu wa Tabora wakapigwa na Mirambo wakakimbia. Miaka mitano baadaye wakakutana, wakachanjana udugu, na safari hii anamwandika kwa heshima tele. Sasa bila kulinganisha vitabu ungejuaje?

Mama_Kakonko
Kulinganisha sawa. Ila waliobebeshwa zile pembe hawana kitabu. Hapo ndipo ninaposimama na sitaondoka.

Urambo_Original
Mirambo msimguse. Atafuteni *Mtemi Mirambo* cha Kabeya, kwa Kiswahili safi. Mzee wangu alikuwa anatusomea jioni baada ya kufunga tumbaku, sura moja, kisha taa inazimwa. Tulikuwa tunagombana nani awe ruga-ruga, askari wa Mirambo, kwenye michezo.

Kalya_Kwetu
Nimejizuia toka mwanzo ila Mtemi alipotaja kile kitabu nimeshindwa.

Babu yangu alikuwa mwalimu wa misheni mwambao wa kusini. Alikuwa na sanduku la bati. Humo kulikuwa na hayo maisha ya Tippu Tip, chapa ya zamani yenye Kiswahili na Kiingereza. Kulikuwa na matoleo ya jarida la *Tanganyika Notes and Records*, mojawapo la 1946. Na madaftari yake mwenyewe. Humo aliandika ziwa lilipopanda, mwaka wa njaa, chui alipoingia zizini kwa nani, nani kazaliwa, nani kavuka kwenda Kongo asirudi. Kila familia ya pale kijijini ilikuwa humo. Watu walikuwa wanakuja kumuuliza umri wao.

Alipofariki ukoo ukaamua sanduku liende Kigoma mjini kwa baba mdogo, likakae mahali pakavu. Nikapewa mimi.

Nilipanda boti la mbao la mizigo, jioni. Magunia ya dagaa, madumu ya mawese, watu wamebanana, kuku, watoto. Usiku wa manane upepo ukageuka. Mnaolijua ziwa mnajua, mawimbi yake ni mafupi na hayakupi nafasi ya kupumua, moja halijaisha jingine liko juu yako. Maji yakaanza kuingia ubavuni. Wanaume tunakomba kwa ndoo, hayapungui. Nahodha akapiga ukelele: mizigo majini! Magunia yakaanza kwenda. Mama mmoja alilikumbatia lake, lilikuwa mtaji wake wote, wakamtoa mikono kidole kwa kidole.

Kijana wa boti akashika sanduku la babu. Nikamshika mkono. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Kaka, kuna watoto humu." Nikafungua kufuli gizani, nikavuta kilichokuwa juu, nikakisukuma ndani ya shati, nikamwachia. Sanduku lilielea kidogo, tukaliona kwenye mwanga wa tochi, kisha wimbi likalifunika.

Kulipokucha tuko Kigoma, hakuna aliyekufa, Alhamdulillahi kila mtu kwa dini yake. Nikatoa kitabu shatini. Ni lile toleo la 1946. Ndani yake mna maisha ya Adriano Atiman, amesimulia mwenyewe: kazaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, mwambao wa ziwa, 1889. Akatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki 1956. Babu alipigia mstari ukurasa mzima, na pembeni kaandika jina la mama yake na neno moja, "alimtibu".

Madaftari ndiyo yaliyokwenda. Hadi leo wazee wakiniuliza habari za daftari natazama chini.

Mwisho_wa_Reli
Mkuu pole sana. Nimesoma nimesimama.

Binti_Sikonge
Pole kaka. Nimelia kabisa. Lile la mama yake babu…

Fundi_Tochi
Boti hilo lilikuwa na majaketi ya kuokolea? Watu wangapi? Nahodha aliondokaje usiku msimu wa upepo?

Kalya_Kwetu
Majaketi yalikuwa machache na yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba. Jina la boti sitaji.

Barubaru_Bangwe
Ziwa lina kina cha mita 1,470. Hilo sanduku sasa wanasoma samaki, migebuka, wawe na elimu kutuzidi.

Mama_Kakonko
Barubaru, acha utani kwenye msiba wa mwenzio.

Barubaru_Bangwe
Samahani dada. Kaka Kalya, kile cha Tippu Tip kinapatikana, hicho tutakutafutia. Cha kufanya kwa madaftari ni kurudi Kalya na simu, ukae na wazee mmoja mmoja, urekodi. Wale waliokuwa wanakuja kuulizia umri wanakumbuka walichojibiwa.

Mtemi_wa_Mtaa
Ongea nao kwanza, ukianza na simu wanakunja sura. Daftari na kalamu, kama babu yako.

Nyikani_Kasulu
Simu! Daftari ndilo lililozama.

Mzee_wa_Kaliua
Vijana, na walio na vitabu nyumbani, mchwa wa Tabora hawajui Mirambo wala Stanley. Wekeni majani ya mwarobaini kabatini, sanduku lisiguse sakafu.

Fundi_Tochi
Mzee shikamoo. Mwarobaini mdudu anazoea. Pakeni mafuta ya taa kwenye miguu ya kabati.

Binti_Sikonge
Mafuta ya taa na karatasi? Kaka, unataka kutuunguzia nyumba. Pigeni picha kila ukurasa, basi. Na vile vya zamani, Burton, Stanley, Hore, viko bure kwenye intaneti, muda wa haki zake umekwisha. Kwa vya dini na maisha ya mapadre ulizeni misheni ya Kipalapala, Tabora, wamechapa vitabu miaka mingi. Maktaba ya mkoa nako kuna rafu ya Tanzania, muulizeni mkutubi kwa adabu, atawaonyesha hata visivyoonekana.

Mwana_Ujiji
Mwanangu Kalya, nimekusoma mara nyingi. Mimi nina jamaa Buhingu mwenye umri mkubwa aliyesoma kwa walimu wa misheni za mwambao. Huenda alikaa darasani kwa babu yako. Nitumie jina la babu faraghani, nimpigie jioni hii kabla hajalala. Na mjukuu wangu anasema kazi yake ya shule sasa ataiandika juu ya Atiman, kwa hiyo ukiweza kupiga picha kurasa zile tutashukuru.

Kalya_Kwetu
Shikamoo babu. Jina nimekutumia. Picha nazipiga sasa hivi, mwanga bado upo.

Simba_wa_Uvinza
Mwenye Kabeya wa Urambo anauza bei gani?

Urambo_Original
Hakiuzwi. Njoo usomee barazani, chai ipo.