Safari ya siku moja kutoka Maskati kwenda ngome za Nizwa na Jabrin: je, inafaa kukodi mwongozaji wa binafsi?

Binti wa Mvita aliandika:

Assalaam alaykum wapendwa. Mwezi wa Januari, inshallah, nitakwenda Maskati pamoja na mama yangu mzazi kumtembelea mjomba, na katika siku kumi tutakazokaa huko tumetenga siku moja ya kutazama ngome za kale za bara ya Oman. Nimekulia Mombasa, mwendo mfupi wa miguu kutoka Ngome ya Yesu, na tangu utotoni nimefundishwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Nyumba ya Waomani iliyomo ndani yake nimeingia mara nyingi mno. Nisichowahi kukiona ni kule walikotoka watu hao, na kwa sababu hiyo sipendi siku yetu iishie kwenye kupiga picha mlangoni na kurudi garini.

Tumepewa mapendekezo mawili. La kwanza ni basi dogo la watalii mchanganyiko, litakalopita Nizwa, Bahla, Jabrin, kijiji cha Misfat na mlima wa Jebel Shams kwa siku moja. La pili ni gari letu peke yetu pamoja na mwongozaji, kwa bei kubwa zaidi, lakini tunaambiwa kwamba ratiba tutaipanga wenyewe. Mama ana miaka 68 na goti lake la kulia linamsumbua anapopanda ngazi. Je, tofauti ya bei inastahili? Na kama tukichagua gari la binafsi, ni ngome zipi tuziweke katika siku hiyo moja na zipi tuziache?

Mkaazi wa Maskati alijibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na kwa miaka mingi niliyoishi Maskati nimewapeleka Nizwa jamaa wengi waliotoka Pwani kuja kututazama, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Ratiba ya basi uliyoitaja haina nafasi ya kuangalia chochote. Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 150 kwa barabara nzuri, yaani saa moja na nusu, na Jabrin iko mbele zaidi, ng'ambo ya Bahla. Jebel Shams peke yake hutaka nusu siku, tena sehemu ya njia yake ina mteremko mkali. Ukivijumlisha vituo vyote vitano utabakiwa na dakika thelathini au arubaini kwa kila ngome, na wakati huo mama hatakuwa amemaliza hata kupanda ngazi za kwanza. Chukueni gari lenu, mtoke saa moja asubuhi, na muweke ngome mbili tu: Nizwa kabla ya adhuhuri na Jabrin baada ya chakula cha mchana.

Nimezichagua hizo mbili kwa sababu zinasimulia habari ya familia moja, nayo ndiyo habari unayoitafuta. Mnara mkubwa wa mviringo wa Nizwa ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu, yaani mtawala wa Oman, aitwaye Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na inasemwa kwamba kazi hiyo ilichukua miaka 12. Kasri la Jabrin lilijengwa katika miaka ya 1670 na mwanawe, Bil'arab bin Sultan, ambaye baadaye alirithi uimamu na akayahamishia makao yake hapo. Kisha ndugu yake, Saif bin Sultan, akamwasi na kumzingira ndani ya kasri hilo hilo, na Bil'arab akafariki humo mwaka 1692. Kaburi lake liko chini ya jengo. Huyo Saif aliyebaki ndiye Imamu ambaye miaka sita baadaye jeshi lake liliingia katika ngome yenu ya Mombasa. Mtu aliyekulia Mvita akisimama mbele ya kaburi la Jabrin anayo haki ya kuelezwa mambo hayo kwa utulivu, bila kuharakishwa na dereva anayepiga honi.

Hapo ndipo thamani ya mwongozaji inapoonekana. Nizwa, kwa mfano, mgeni asiye na mtu wa kumwelekeza hupanda mnara, akaitazama mitende na kuba la msikiti, akashuka. Mwongozaji mzuri atawasimamisha kwenye ngazi na kuwaonyesha kwamba zimejengwa nyembamba na zenye kona kwa makusudi, kwamba kila mlango una tundu juu yake la kumwagia adui mafuta au asali ya tende iliyochemshwa, na kwamba mbele ya baadhi ya milango palikuwa na mbao za kuondolewa ili anayekimbia gizani atumbukie shimoni. Atawaeleza pia kwamba sehemu ya chini ya mnara imejazwa udongo na mawe ili ihimili mizinga, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kuligundua. Asali hiyo ilipatikana pale pale: magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine katika ghala lenye sakafu ya vijifereji, na uzito wake wenyewe ukaikamua.

Tena kuna maneno, na hili mimi hulifurahia kila safari. Wenyeji huuita mnara kalaa, na sehemu ya makazi huiita hisni, ambalo ndilo neno letu husuni, kama katika Husuni Kubwa ya Kilwa. Ukumbi ambamo liwali alipokea watu na kusikiliza mashauri huitwa barza. Mama yako atalitambua neno hilo kabla hajatafsiriwa.

Mpenda Majengo alijibu:

Ninaunga mkono karibu yote yaliyosemwa hapo juu, isipokuwa sikubali kwamba Bahla iachwe kabisa. Kati ya ngome za eneo lile, Bahla ndiyo iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 1987. Mwaka uliofuata iliwekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu kuta zake za matofali ya udongo zilikuwa zinaporomoka, na haikutolewa humo hadi mwaka 2004, baada ya ukarabati wa miaka mingi. Ngome yenyewe ni ya kale kuliko Yaarubi wote, kwani ni ya zama za ukoo wa Nabhani, na ukuta wa udongo unaouzunguka mji pamoja na mashamba yake ya mitende una urefu wa takriban kilomita 12. Aliyezoea kuta za matumbawe za Pwani yetu atajifunza mengi kwa kuona jinsi udongo na majani makavu, vikitunzwa, vinavyoweza kusimama karne nyingi, na jinsi mvua chache zinavyoweza kuviangusha vikipuuzwa.

Nakiri kwamba vyumba vingi vya Bahla ni vitupu, na mama mwenye goti bovu hatafaidika kwa kuvizunguka. Lakini njia ya kwenda Jabrin inapita hapo hapo. Mwombeni mwongozaji asimame mahali palipoinuka, ambapo ngome yote huonekana pamoja na mitende inayoizunguka, mkae robo saa, kisha mwendelee. Kutoka hapo hadi Jabrin ni mwendo wa dakika chache tu.

Baba wa Watoto Wawili alijibu:

Dada, kabla hujatuma fedha naomba usome yaliyotupata sisi. Tulilipia safari ya namna hiyo hiyo, tukaahidiwa "gari la binafsi pamoja na mwongozaji", na asubuhi akaja kijana mwenye adabu na mwendo mzuri barabarani, lakini tulipofika Nizwa akatuonyesha dirisha la tiketi na kutuambia kwamba atatusubiri kwenye maegesho. Kumbe tulikuwa tumelipia dereva. Tulizunguka wenyewe na watoto wakiniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na Jabrin tulifika tukiwa tumechoka na hatuna hamu. Simlaumu yule kijana, kwa maana hakuwa na leseni ya kuongoza watalii na asingeweza kufanya zaidi ya alivyofanya. Kosa lilikuwa la waliotuuzia, na kwa kiasi fulani ni langu, kwa kuwa sikuuliza.

Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi. Je, anayekuja ana leseni ya uongozaji inayotolewa na Wizara ya Urithi na Utalii? Je, ataingia nanyi ndani ya kila ngome tangu mwanzo hadi mwisho? Bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, na je, viingilio na chakula vimo ndani yake? Kwa kawaida bei ya safari ya binafsi hutajwa kwa gari, na hapo ndipo hesabu inapobadilika: mkiwa wawili itaonekana ghali, lakini mjomba na mkewe wakiungana nanyi mtakuwa wanne kwa gharama ile ile, na mara nyingi tofauti na basi hubaki ndogo.

Angalizo jingine ni siku ya Ijumaa. Asubuhi yake Nizwa ina mnada wa mifugo karibu na ngome, ambapo mbuzi na ng'ombe huzungushwa mbele ya wanunuzi waliokaa kwa duara, na wanangu mpaka leo wanausimulia. Lakini ngome nazo hufungwa mchana wa Ijumaa kwa ajili ya sala, na ratiba isiyozingatia hilo itawaacha nje ya lango.

Binti wa Mvita alijibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Habari ya Imamu Sultan na wanawe wawili nimemsomea mama jana usiku, naye akasema kwamba kama ni hivyo basi lazima aifike Jabrin, hata ikibidi apande ngazi kwa kukaa. Mjomba amekubali kuja nasi pamoja na mkewe. Bado nina maswali mawili. Mama Kiingereza chake ni kidogo na Kiarabu chake ni cha kusomea Kurani tu. Je, tunaweza kumwomba mwongozaji anayezungumza Kiswahili? Pili, katika hizo ngome mbili, ni sehemu gani mama anaweza kuona bila kupanda juu?

Mkaazi wa Maskati alijibu:

La kwanza ni jepesi. Familia nyingi zilizorudi au kuhamia huku kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, bado zinazungumza Kiswahili nyumbani, na miongoni mwa watoto wao wamo waongozaji wenye leseni. Usiseme tu kwamba mngependa. Andika kwamba ndilo sharti lenu, na umwombe mwongozaji mwenyewe akutumie ujumbe wa sauti. Utamsikia anavyozungumza, na mama naye atajua anasafiri na nani.

Kuhusu goti, Nizwa mama asiupande mnara. Abaki katika hisni, kwenye vyumba vya chini na ua, ambako kuna ghala la tende na maonyesho ya maisha ya zamani, na wewe upande na mwongozaji kwa muda wa nusu saa. Kabla ya kuondoka mji huo mpelekeni Falaji ya Daris, iliyo karibu, mmojawapo wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanapita wazi, pana kivuli, na hakuna ngazi ya kutisha.

Jabrin ni jambo jingine, kwa sababu uzuri wake uko juu. Chini ataona ua, ghala la tende, mfereji wa maji unaopita ndani ya jengo na kaburi la Imamu, na hayo peke yake yanatosha safari. Lakini kama goti litaruhusu kupanda mara moja tu kwa siku nzima, mpandisheni hapo, polepole, hadi Chumba cha Jua na Mwezi. Kina madirisha 14, saba chini na saba juu: hewa baridi huingia kwa yale ya chini na yenye joto hutoka kwa yale ya juu, na dari yake imechorwa maua na nakshi za rangi ambazo mtu aliyekulia kati ya milango ya nakshi ya Mji wa Kale ataziangalia kwa jicho la jamaa. Mwambieni mwongozaji mapema ili mfike kama saa tisa alasiri, makundi ya mabasi yakiwa yameshaondoka, na awaombe walinzi kiti cha kumwekea mama. Mimi nimekiomba mara mbili kwa ajili ya shangazi yangu, na mara zote mbili kililetwa pamoja na kahawa na tende.

Binti wa Mvita alijibu:

Nimeshaandika. Jumatano ya pili ya Januari, watu wanne, Nizwa na Jabrin, kituo cha robo saa Bahla, mwongozaji wa Kiswahili. Ujumbe wake wa sauti umefika leo asubuhi, na mama amemtambua kwa lafudhi yake kuwa ni mtu wa Pemba.