Mrejesho: Safari ya meli ya kitalii kwa bei nafuu

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kupata safari ya meli ya kitalii kwa bei nafuu bila kukumbwa na gharama zisizotarajiwa, na nimerejea kuwashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutafuta safari za kuhamisha meli, zile za majira ya Aprili ambapo meli huondoka Karibi kwenda Mediterania kwa msimu wa kiangazi, na kweli nauli ilikuwa chini mno kuliko ya safari za kawaida za mzunguko. Hata hivyo, kwa kuwa safari hizo huanzia bara moja na kuishia jingine, tiketi ya ndege ya kurudi ilimeza sehemu kubwa ya nilichookoa. Atakayefuata njia hii aijumlishe kwanza ndipo alinganishe.

Kuomba punguzo bei iliposhuka baada ya mimi kuweka nafasi hakukufua dafu, maana tarehe ya malipo ya mwisho ilikuwa imepita. Bahashishi za kila siku za wahudumu wa meli nilizilipa mapema, kama mlivyoelekeza.

Aliyenisihi nifike mji wa bandari siku moja kabla namshukuru kwa dhati: ndege yangu ilichelewa sana, na meli haimsubiri abiria.