mod_wsgi kwenye Debian na Ubuntu: ya apt au ya kukompaili kwa pip?

Mwanzisha mada

Wadau habari za jioni. Huu ubishi kazini tunaurudia kila wiki na hauishi, nimeona niulete hapa. Una programu yako ya Python, ya Django au Flask, unataka ikae nyuma ya seva ya wavuti ya Apache, ile mod_wsgi (moduli inayoiwezesha Apache kuendesha programu za Python) unaichukua kwa apt, yaani kifurushi tayari cha mfumo, au unaikompaili mwenyewe kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python? Mi ni mtu wa apt. Unapiga apt install libapache2-mod-wsgi-py3, moduli inajiwasha yenyewe, umemaliza. Tundu la usalama likipatikana watu wa Debian wanaliziba, mi nimelala.

Kuna seva niliikuta ina .so (faili la moduli iliyokwisha kukompailiwa) ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi, aliyeiweka kashaondoka kazini zamani, napiga dpkg -S naambiwa hakuna kifurushi chenye hilo faili. Sasa hiyo unaiapdeti vipi? Basi ikawa tunaiogopa kama kaburi la wenyewe.

Mchangiaji 1

Kaka apt inakufunga. Hiyo moduli imeshonwa na Python moja tu, ile ya mfumo. Ubuntu 22.04 ni 3.10, Debian 12 ni 3.11, basi. Ukitengeneza venv (folda yenye Python na maktaba za programu moja) ya 3.12 ukaielekeza pale haitakubali, watu wengi wanadhani python-home, ule mpangilio wa mod_wsgi, inabadilisha Python kumbe inabadilisha tu mahali pa kutafutia maktaba.

Mi yalinikuta, nilihamisha seva toka 20.04 kwenda 22.04 usiku nikijua asubuhi watu watakuta kila kitu poa, tovuti ikarudi na 500, fungua logi: No module named 'django'. Django ipo! Naiona kwa macho yangu, imekaa ndani ya lib/python3.8 na moduli mpya inatafuta lib/python3.10. Saa tisa usiku bado niko macho. Tangu hapo ni pip tu. Unaweka apache2-dev na python3-dev, unaingia kwenye venv, pip install mod_wsgi, halafu mod_wsgi-express module-config inakutolea mistari miwili, wa LoadModule (wa kupakia moduli) na wa WSGIPythonHome (wa kuonyesha venv ilipo), unaibandika kwenye konfigi ya Apache.

Mwanzisha mada

Pole kwa usiku huo, lakini hebu rudia hiyo stori yako ukiwa na pip. Ile .so uliyokompaili inaitegemea libpython3.8 (maktaba ya Python 3.8 yenyewe), na apgredi ikikuuliza ifute vifurushi vya zamani ukabonyeza y kama sote tunavyobonyeza, libpython3.8 hiyooo imekwenda. Sasa LoadModule ikifeli Apache haiwaki KABISA, yaani si Django yako tu, na zile tovuti za PHP za watu wengine kwenye seva hiyohiyo nazo chini. Mi kwa apt ningefuta venv, nikaijenga upya toka requirements.txt, nikarudi kulala. Dakika kumi hivi.

Mchangiaji 2

Nyie mnagombea fito. Weka Gunicorn (seva ya kuendesha programu za Python nje ya Apache), iwe sevisi ya systemd (msimamizi wa sevisi za Linux), nginx (seva nyingine ya wavuti) au hata hiyohiyo Apache ipeleke maombi kule kwa proksi. Python utakayo, kila programu na yake, ikifa inakufa peke yake.

Mchangiaji 1

Hoja ya libpython sikuwa nimeiwaza, nakubali, nilibahatika. Ila bado sijahama. Mteja anataka Python mpya kuliko ya mfumo, apt inamsaidia nini? Hapo lazima ukompaili, na kama Python yenyewe umeijenga kwa mkono usisahau --enable-shared (chaguo la kuijenga na libpython yake) maana bila hiyo utasumbuka.

Mwanzisha mada

Hapo sina ubishi, Python mpya ni pip. Ninachokataa ni mtu kukimbilia pip kwenye Debian 12 tupu ambayo 3.11 yake inamtosha kabisa.

Mchangiaji 2, kama naanza seva mpya leo nakufuata. Lakini mi nina Apache inabeba tovuti za PHP tayari, nikiongeza kaprogramu kamoja ka Python, WSGIDaemonProcess, mpangilio wa mod_wsgi, inanipa prosesi zake pembeni (daemoni) na nikibadilisha kodi naigusa wsgi.py kwa touch inajipakia upya bila kuwasumbua wengine. Sevisi ya pili ya kuichunga naitakia nini? Nipe sababu nyingine, hiyo ya kufa peke yake daemoni inayo.