Mrejesho: malipo ya mtu wa kumwangalia baba, Katuba

Jambo wandugu. Niliwauliza tumlipe nani, na vipi, amwangalie baba yetu hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, tangu kiharusi kimlegeze upande wa kulia. Wa kulipa ni sisi watoto.

Muuguzi wa kushinda naye alitaka dola 250. Tukamwachia presha na bandeji tu, kwa malipo ya kila ziara. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo: hayo anafanya mama mmoja mjane, jirani, kwa dola 80 kwa mwezi, na chakula cha mchana. Tuliyaandika kwenye karatasi, na mashahidi.

Ugumu ulikuwa kaka wa Kolwezi: “Si muna bibi zenu nyumbani?”, yaani wake zetu wafanye kazi hiyo. Yaya, mkubwa wetu, alimjibu, nami sirudii maneno yake. Sasa kaka huyo anatuma fungu lake kwa M-Pesa, kwa dola, franka ikishuka mshahara wa yule mama usipungue.

Usiku analala naye mpwa wetu. Yeye tunamlipia masomo.